Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makumbusho Yetu ya Karate ya Okinawa, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, naleta mbele yenu taarifa ya kazi za makumbusho kwa kipindi cha Januari hadi Desemba 2024. Hesabu zilizokaguliwa zitasomwa na Mweka Hazina, na daftari la vitu vilivyopokelewa mwaka huu liko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kulipitia. Mimi nitajikita katika mambo ambayo Kamati ya Utendaji imeona yanahitaji kuelezwa kwa kirefu, na hasa jambo moja ambalo nitawaomba mlitolee uamuzi leo, nalo ni kuwarekodi wazee wetu wa karate kabla hatujafikiria kazi yoyote ya kupanua jengo.

Wanachama wapya huenda hawajapata nafasi ya kuelezwa kwa nini chama cha wacheza karate jijini Dar es Salaam kinatunza makumbusho. Waasisi wetu waliona kwamba vijana wanapanda mikanda, wanashinda mashindano na hata kufungua dojo (kumbi za mazoezi) zao wenyewe, huku wakishindwa kusema kata (mfululizo maalumu wa mapigo na hatua) wanayoicheza kila siku ilitoka kwa nani na ilipitia mikononi mwa nani hadi ikawafikia wao. Kwa hiyo wakatenga chumba kimoja na stoo yake ndogo nyuma ya dojo, wakaanza kukusanya. Mkusanyiko huo una pande mbili. Upande mmoja unahusu Okinawa, kisiwa cha Japani ambako sanaa hii ilizaliwa na kulelewa. Upande wa pili unahusu hapa nyumbani, ukianzia mwaka 1973, wakati Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, alipoanza kufundisha Goju-ryu, mtindo mmojawapo wa karate ya Okinawa, katika dojo ambayo wengi wetu tumeijua kwa jina la Zanaki. Mwaka huu pande zote mbili zimefanyiwa kazi, ila upande wa Okinawa ndio uliotufungua macho kuhusu upande wa nyumbani, na ndiyo sababu nitaanza na huo.

Mwezi wa Oktoba wajumbe wetu walisafiri hadi Okinawa. Nauli walijilipia wenyewe, na chama kilichangia gharama za malazi tu, kama mlivyoidhinisha katika Mkutano Mkuu uliopita. Walitembelea sehemu mbili zinazotofautiana sana. Ya kwanza ni Okinawa Karate Kaikan, iliyoko Tomigusuku karibu na uwanja wa ndege wa Naha, kwenye eneo lenye magofu ya ngome ya kale. Serikali ya mkoa iliifungua mwezi Machi 2017, na ndani yake mna ukumbi mkubwa wa mazoezi, dojo maalumu yenye paa la vigae vyekundu iliyojengwa juu ya kilima kwa ajili ya matukio ya heshima, na chumba cha maonyesho ya historia. Ya pili ni makumbusho ya mwalimu Hokama Tetsuhiro huko Nishihara, yaliyoanzishwa mwaka 1987 kwa juhudi za mtu mmoja aliyekuwa akikusanya silaha za jadi, vifaa vya mazoezi, picha na nyaraka, na kuviweka mahali palepale anapofundishia.

Kaikan ni jengo la kuvutia, na wajumbe walirudi na mengi ya kujifunza kuhusu mpangilio na mwanga. Jambo walilolisifu kuliko yote ni kwamba mgeni hapo haishii kutazama kupitia kioo, kwa kuwa ipo sehemu ambako anaruhusiwa kujaribu baadhi ya vifaa vya mazoezi kwa mikono yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, makumbusho ya Nishihara ndiyo yanayotufaa sisi kama kielelezo, kwa sababu yalianza kama tulivyoanza sisi, bila bajeti ya serikali wala msanifu majengo, na yalianza mapema wakati bado walikuwapo wazee waliowaona kwa macho walimu wa kabla ya vita. Miaka thelathini ilipita kati ya kufunguliwa kwa chumba kile cha mtu binafsi na kufunguliwa kwa jengo la mkoa. Katika miaka hiyo wazee wengi walifariki, na kile ambacho mtu mmoja alikuwa ameshakiuliza na kukihifadhi hakikuweza tena kupatikana kwa fedha yoyote.

Hapa naomba mnivumilie nieleze habari za mwaka 1945, kwa kuwa mtu asiyezijua hawezi kuelewa kwa nini makumbusho ya karate huko Okinawa yana picha chache na karatasi chache kuliko tunavyotarajia. Majeshi ya Marekani yalitua katika kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano makubwa yakaisha mwishoni mwa Juni. Jeshi la Japani lilikuwa limechimba makao yake makuu chini ya kasri la Shuri, lililokuwa makao ya wafalme wa Ryukyu, ufalme wa zamani wa Okinawa, na kwa sababu hiyo kasri na mji ulioizunguka vilipigwa mabomu hadi vikabaki vifusi. Nyaraka za ufalme zilizokuwa zimebaki kisiwani, maktaba za familia, barua za walimu na picha za wanafunzi wao viliteketea kwa sehemu kubwa katika muda usiofika miezi mitatu. Raia waliokufa walikuwa wengi mno, na miongoni mwao walikuwamo watu waliobeba sanaa yenyewe. Shinzato Jin'an, mwanafunzi aliyetegemewa kumrithi Miyagi Chojun katika Goju-ryu, aliuawa katika vita hivyo. Kyan Chotoku, mmoja wa walimu wakubwa wa karate ya Shuri, alinusurika mabomu lakini alifariki miezi michache baadaye, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na njaa. Miyagi mwenyewe alipoteza watoto wake, akaendelea kufundisha kwa miaka michache iliyobaki, na akafariki tarehe 8 Oktoba 1953.

Waliobaki hawakuwa na maandishi ya kurejea. Walikuwa na miili yao, na kumbukumbu zilizokuwa ndani ya miili hiyo. Taira Shinken, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1970, alikusanya kata za silaha za jadi kutoka kwa mwalimu mmoja hadi mwingine, akazipanga na kuzifundisha, na bila kazi hiyo baadhi ya kata za rungu refu, sai (silaha ya chuma yenye ncha tatu) na kasia ambazo leo zinachezwa kote duniani zingekuwa zimezikwa pamoja na wenyewe. Mwaka 1997 mkoa wa Okinawa uliwatambua rasmi walimu watatu, wakiwamo Nagamine Shoshin na Yagi Meitoku, kuwa wabebaji wa urithi wa utamaduni usioshikika. Hatua hiyo naiona kuwa ya busara kubwa, maana ilikubali kisheria kwamba katika sanaa ya namna hii kitu cha kuhifadhiwa kwanza ni mtu.

Wajumbe wetu walifika pia Shuri. Kasri lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1992 liliungua tarehe 31 Oktoba 2019, na wakati wa ziara hiyo ukumbi wake mkuu ulikuwa unajengwa kwa mara nyingine, ukitarajiwa kukamilika mwaka 2026. Mafundi walikuwa wakifanya kazi mbele ya wageni, na wageni walikuwa wakilipa kiingilio ili kutazama jengo ambalo lilikuwa bado halijakwisha. Mjumbe wetu aliyepewa jukumu la kuandika kumbukumbu za safari alipendekeza tuige jambo hilo, yaani tusifunge milango yetu wakati wa ukarabati, bali tuwaonyeshe wanafunzi namna kitu kinavyosafishwa na kurekebishwa. Kamati imelikubali pendekezo hilo, na matokeo yake nitayaeleza baadaye kidogo.

Sasa niingie katika suala la maelezo yaliyobandikwa ukutani, ambalo lilizua mjadala mrefu kuliko jambo jingine lolote mwaka huu, na mjadala huo ulikuwa wa heri. Wengi wetu tulifundishwa, na wengine tunaendelea kufundisha, kwamba karate ilibuniwa na wakulima maskini wa Okinawa walionyang'anywa silaha, wakageuza mundu, vijiti vya kupuria nafaka na mipini ya mawe ya kusagia kuwa silaha za kupambana na samurai. Ni hadithi tamu, na inatugusa sisi ambao nchi zetu zilitawaliwa. Lakini tukifuata habari za watu wanaojulikana kwa majina, picha inakuwa nyingine. Matsumura Sokon alikuwa mtumishi wa kijeshi wa wafalme wa Ryukyu. Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa mwandishi katika utawala wa kifalme. Hawa walikuwa watu wa tabaka la maofisa wa Shuri, waliojua kusoma na kuandika Kichina, na sai waliyoitumia wengine wao ilikuwa kifaa cha askari wa kulinda amani mjini. Ni kweli kwamba ukoo wa Shimazu wa Satsuma uliivamia Ryukyu mwaka 1609 na kuifanya iwe chini yake hadi Japani ilipoutwaa ufalme moja kwa moja na kuufanya mkoa wa Okinawa mwaka 1879. Ni kweli pia kwamba baadhi ya silaha zinafanana na zana za shamba na za bahari. Hayo mawili hayatoshi kuthibitisha hadithi nzima.

Baadhi ya wanachama walisema tukiondoa hadithi ya wakulima tutawavunja moyo vijana. Wengine walisema makumbusho hayapaswi kuandika lolote lisilo na ushahidi. Uamuzi wa Kamati ni kwamba kila maelezo yatenganishe yanayosimuliwa na yanayojulikana kwa nyaraka, na kwamba hadithi ibaki ukutani ikiitwa hadithi, pembeni ya majina na miaka tunayoweza kuitetea. Mimi binafsi niliunga mkono uamuzi huo kwa nguvu zote. Kijana anayekuja kwetu akiwa ameijua karate kupitia filamu za Hong Kong ana haki ya kupata hapa kitu ambacho filamu haikumpa.

Kwa kufuata kanuni hiyo, ukuta wa kaskazini sasa unaeleza safari ya karate kutoka uani kwa walimu hadi shuleni. Maelezo yanaanza na Higaonna Kanryo wa Naha, aliyekwenda Fuzhou nchini China akiwa kijana na kurudi na mafunzo ambayo baadaye yalizaa Goju-ryu. Kisha yanaonyesha jinsi Itosu alivyoingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901, na jinsi barua yake ya Oktoba 1908, yenye mafundisho kumi, ilivyowashawishi wakubwa wa elimu. Funakoshi Gichin anafuata, aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha sanaa hii na kubaki huko. Ukuta unaishia na kikao cha walimu kilichofanyika Naha tarehe 25 Oktoba 1936, ambako walikubaliana jina liandikwe kwa herufi yenye maana ya mkono mtupu badala ya ile iliyoelekeza China. Mwaka 2005 bunge la mkoa wa Okinawa liliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Karate, na ndiyo tarehe ambayo sisi pia tuliichagua kuwa siku ya milango wazi. Tulipokea wanafunzi wa shule za jirani, wazazi wao, na wenzetu wa judo na taekwondo, ambao baadhi yao wamesema wangependa kuanza kukusanya historia za michezo yao. Kamati imewaahidi msaada wa ushauri.

Upande wa utunzaji wa vitu, mwaka umekuwa mgumu. Sote tunajua hali ya hewa ya mji wetu. Karatasi na picha zinataka unyevu wa hewa wa wastani, takribani asilimia 45 hadi 55, na wakati wa masika kipimo kilichoko stooni kwetu kilikaa juu ya hapo kwa wiki nyingi. Paa lilivuja kwenye kona ya mashariki. Fundi wa kwanza alikuja, akapaka lami, akaondoka, na maji yakarudi kwa mvua iliyofuata. Fundi wa pili alibadilisha bati zenyewe, na tangu hapo kona hiyo imekuwa kavu. Picha zote zimehamishwa kutoka kwenye albamu za plastiki zenye gundi na kuwekwa katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, kila moja ikiwa na namba yake ya daftari. Kabati la vioo lenye mavazi limesogezwa mbali na dirisha na kuwekewa pazia, kwa kuwa nguo na karatasi hazipaswi kupigwa na mwanga unaozidi kipimo cha luksi 50, na jua letu la saa nane mchana linapita hapo kwa mbali sana.

Gi (vazi la karate) moja ya zamani, iliyovaliwa na mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa miaka ya 1970, ilikutwa na wadudu kwenye mshono wa kola. Badala ya kuinyunyizia dawa ambayo ingeacha madoa, wanachama wa kitengo cha utunzaji waliifunga ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa na kuiweka katika friza kwa wiki mbili, kisha wakaiacha irudi kwenye joto la kawaida ikiwa bado imefungwa ili unyevu usiigande. Kazi hiyo ilifanyika mbele ya wanafunzi, kwa kufuata lile pendekezo lililotoka Shuri, na maswali waliyouliza yalionyesha kwamba walikuwa wanaitazama nguo ile kwa heshima ambayo hawakuwa nayo ilipokuwa imetundikwa tu nyuma ya kioo. Sai nazo zimesuguliwa kutu kwa brashi laini na kupakwa nta. Hatukuzing'arisha, kwa sababu alama za matumizi ni sehemu ya historia yake.

Katika vitu vilivyopokelewa mwaka huu, kuna viwili ambavyo ningependa kila mwanachama avione kabla ya kuondoka leo. Cha kwanza ni chiishi, yaani uzito wenye mpini unaotumika kuimarisha vifundo na mabega. Huko Okinawa ya kale kifaa hiki kilikuwa jiwe lililotobolewa na kuchomekwa mti. Hiki tulichopewa kilitengenezwa hapa Dar es Salaam kwa saruji iliyomiminwa ndani ya kopo la rangi. Ukikigeuza upande wa dirisha utaona mistari ya mbavu za kopo ikiwa imejichora kwenye saruji pande zote, na chini kabisa duara la kitako chake. Mpini wake ni wa mninga, na sehemu ya kushikia imekuwa nyeusi na laini kwa jasho la miaka mingi, isipokuwa ukanda mwembamba karibu na saruji ambao bado una rangi ya mti wenyewe, kwa sababu hakuna mkono uliowahi kufika pale. Mkono wa mtu ukiushika unajikuta umekaa palepale walipokuwa wakishika waliotangulia.

Cha pili ni ubao wa makiwara, ule wa kupigia ngumi. Kwa desturi ya Okinawa sehemu ya kupigia hufungwa kwa kamba ya majani ya mpunga. Huu wetu umefungwa kwa kamba ya mkonge, zao ambalo Tanga inalijua vizuri zaidi kuliko mpunga wa Ryukyu. Mkonge ni mkali kwa ngozi, na aliyetupatia ubao huo alitueleza kwamba walikuwa wakiipiga kamba kwa nyundo na kuiloweka kwanza ili ilainike. Tunaamini vitu hivi viwili vinastahili kukaa kabati moja na picha za vifaa vya Miyagi. Miyagi naye hakuona aibu kupokea kutoka nje kilichomfaa. Mwaka 1934 alikwenda Hawaii, akaona vyuma vizito vyenye umbo la duara refu vilivyotumiwa na wacheza mieleka wa huko, na kongoken inayotumika hadi leo katika dojo za Goju-ryu ilitokana na safari hiyo. Aliyemimina saruji kwenye kopo la rangi alikuwa anaendeleza desturi hiyohiyo.

Lakini aliyemimina saruji hiyo ni nani? Aliyetuletea chiishi alikikuta kwa marehemu kaka yake. Anakumbuka kwamba kilitumika katika dojo zaidi ya moja. Hajui nani alikitengeneza, wala nani alimwonyesha namna ya kukitengeneza, kama ni mwalimu aliyekuwa amewahi kuvishika vya Okinawa au ni picha iliyotazamwa kwenye jarida. Hata nusu ya picha zetu za miaka ya 1970 na 1980 zina watu ambao majina yao hayajaandikwa popote. Wapo bado wazee ambao wakiitazama picha kama hizo wataanza kutaja watu kuanzia kushoto hadi kulia, pamoja na mitaa waliyokaa na kazi walizofanya. Tumezika wawili wa rika hilo mwaka huu. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kwa sababu hiyo, Kamati ya Utendaji inaleta hoja kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya chumba cha pili zielekezwe, kwa miaka miwili ijayo, katika kazi ya kuwarekodi wazee. Najua wapo wanaosubiri chumba hicho kwa hamu, na mimi ni mmoja wao, kwa kuwa stoo yetu imejaa. Chumba kinaweza kujengwa mwaka wowote. Okinawa ilipoteza karatasi zake kwa vita. Sisi hatuna vita, na bado tunapoteza kila mwaka, kimyakimya, kwa kuahirisha tu.

Utaratibu unaopendekezwa ni huu. Kila mzee atafuatwa nyumbani kwake au atakapochagua mwenyewe, na atatembelewa na watu wawili, mmoja wao akiwa wa dojo tofauti na yake, ili maswali yasifungwe na mazoea ya mtindo mmoja. Ataulizwa nani alimfundisha, wapi, kwa vifaa gani, nani walikuwa naye, kwa nini walioacha waliacha, na wanawake walikuwa na nafasi gani katika dojo za wakati huo, swali ambalo picha zetu za sasa haziwezi kulijibu. Anayeweza kusimama ataombwa aonyeshe kata kama alivyofundishwa, na kamera itamchukua mbele na ubavuni. Hakuna ruhusa ya kumsahihisha. Kama kata yake ya Sanchin inatofautiana na tunayoifundisha leo, tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta. Wasioweza kusimama wataeleza kwa mikono wakiwa wamekaa, na hilo pia litatosha. Kabla ya kurekodi, mzee atasomewa na kusaini karatasi ya ridhaa inayoeleza rekodi zitatumikaje, na atakuwa na haki ya kuzuia sehemu yoyote isitangazwe akiwa hai au kwa muda atakaoutaja. Nakala zitakuwa tatu, moja makumbushoni, moja kwenye diski itakayokaa nyumba nyingine kabisa, na moja kwa familia ya mzee mwenyewe.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa Mweka Hazina atafafanua. Ada za wanachama ziliingia vizuri katika nusu ya kwanza ya mwaka na kulegea katika nusu ya pili, kama ilivyo desturi yetu. Matumizi makubwa yalikuwa paa, yakifuatiwa na makabati na bahasha. Hatudaiwi na mtu. Michango ya siku ya milango wazi ilitosha kununua kamera na kinasa sauti, hivyo hoja ya kuwarekodi wazee haitahitaji vifaa vipya, ila nauli, chakula cha wageni wetu, na muda wa vijana wachache watakaofundishwa kuuliza na kunyamaza. Ukaguzi wa hesabu haukuwa na hoja yoyote ya kujibiwa.

Nawashukuru Katibu na wajumbe wa Kamati, kitengo cha utunzaji kilichofanya kazi siku za Jumapili wakati wengine tumepumzika, walimu wa dojo waliotuletea wanafunzi wao, na familia zilizokubali kutuachia vitu vya wapendwa wao. Kwa familia hizo naomba niseme wazi kwamba kila kitu kimeandikwa kwa jina la aliyekitoa, na kwamba katiba yetu inakataza kuuza au kugawa kitu chochote cha mkusanyiko bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Hoja ya kuwarekodi wazee itawekwa mezani mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina, na itahitaji theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria. Orodha ya awali ya wazee imebandikwa mlangoni, na nawaomba muipitie na kuongeza majina kabla hatujapiga kura, hasa majina ya walioko Tanga, Morogoro, Arusha na Zanzibar, ambao sisi wa Dar es Salaam ni rahisi kuwasahau. Wenye picha nyumbani wazilete ofisini siku za Jumamosi asubuhi zikiwa kama zilivyo, bila kuzibandua kwenye albamu. Kama mnajua majina ya waliomo, yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli, msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Picha zitapigwa nakala mkiwa mnasubiri, na mtarudi nazo nyumbani siku hiyohiyo.

Mwenyekiti